Dalili za Tamasha la Pili

Msomaji asihangaike kuitafuta nchi hii kwenye ramani. Wachora ramani waliwahi kufika, wakatimuliwa mpakani kwa sababu walikataa kuandika jina la Kiongozi Mpendwa kwa herufi kubwa kuliko jina la nchi. Tangu hapo nchi haina ramani, na wenyeji wanaelekezana kwa mdomo. Serikali inaiita Nchi ya Walioridhika. Mwenye jina jingine analo moyoni, na huko huko ndiko anakoshauriwa kuliacha.

Walioridhika walikuwa na wimbo wa taifa mrefu sana, ambao wanafunzi wa zamu ya asubuhi huuanza na wa zamu ya mchana wakaumalizia. Walikuwa pia na Wizara ya Furaha, iliyokaa kwenye jengo refu kuliko hospitali zote za nchi zikibebeshwa moja juu ya nyingine. Lakini vitu hivyo walipewa. Kitu walichokitengeneza wenyewe kilikuwa kimoja tu, Uwanja wa Shukrani, uliojengwa enzi za babu zao kwa michango: huyu alitoa kuku, yule mfuko wa saruji, na asiye na kitu akabeba mawe. Hata mlevi akipita pale alisema "uwanja wetu", na alisema bila kugeuka kwanza kutazama nani yuko nyuma yake.

Basi siku moja Wizara ya Furaha ikatangaza kwamba bendi ya roki ya Radi Kavu itarudi nyumbani na kupiga tamasha moja uwanjani hapo, kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya Kiongozi Mpendwa. Radi Kavu walikuwa ughaibuni miaka mingi. Wizara ilisema walikwenda kupumzika. Na kweli, walianza kupumzika siku ile polisi walipopanda jukwaani katikati ya wimbo wao wa pili, uliokuwa ukiuliza maji ya bomba yamekwenda wapi, wakampumzisha mpiga gitaa mkono mmoja na mwimbaji meno ya mbele.

Tiketi za tamasha hilo ziliisha kabla ya kuanza kuuzwa. Walizichukua mawaziri, wakwe wa mawaziri, wageni mashuhuri, wageni wa wageni mashuhuri, na mbwa wa usalama, ambao walitengewa safu nzima upande wenye kivuli. Wananchi wa kawaida walibakiwa na swali: je, bendi itaongeza tamasha la pili? Swali hilo lilikuwa la bure na lilitafunika kutwa nzima bila kuisha utamu. Wakalishika kwa mikono miwili.

*

Aliyelishika kuliko wote alikuwa Mashavu Kindole, fundi cherehani wa sare za shule mtaa wa Kichangani na mwenyekiti wa Chama cha Mashabiki wa Radi Kavu. Alikuwa na umbo dogo na sauti ya kuita watu mtaa wa tatu. Siku ile ya polisi jukwaani, Mashavu alikuwepo, binti wa miaka kumi na tisa. Watu walipoanza kukimbia alilishika shati la mtu asiyemjua, mwanamume mrefu mwenye mikono mikubwa, wakakimbia pamoja mpaka wakajificha kwenye karakana ya seremala wa majeneza. Mtu huyo alikuwa Upete, golikipa wa timu ya Idara ya Maji. Walioana mwaka uliofuata. Katika maisha yao walikuwa wamesikia wimbo mmoja na nusu wa Radi Kavu, na wimbo wa pili uliishaje ndiyo ilikuwa hadithi yao ya kila jioni. Upete alisema lazima uliishia kwa ngoma. Mashavu alisema ngoma zinanyamaza, inabaki sauti tupu. Walibishana hivyo mpaka mvi zikawakuta, na kila mmoja alimpenda mwenzake zaidi kwa ubishi wake.

Kwa hiyo Mashavu alikuwa na haja ya kweli. Alitaka kuusikia wimbo uishe akiwa amesimama na mumewe, basi.

Kazi ya kusoma dalili ilianzia kibarazani kwake. Mpiga drams wa Radi Kavu alipigwa picha huko ughaibuni akiwa ameshika kikombe, na vidole vilivyoonekana vilikuwa vitatu. Watu wazima wenye wake na watoto waliikuza picha hiyo kwenye simu mpaka vidole vikageuka vitone. Mashavu akatoa hukumu: matamasha matatu. Wiki iliyofuata mwimbaji alionekana amevaa sweta ya kijani. Nyasi za uwanja ni za rangi gani? Watu walikumbatiana.

Nchi ikagawanyika kati ya Waongezaji na Moja-Inatosha. Moja-Inatosha wengi wao walikuwa na tiketi. Majirani waliacha kuombana chumvi. Kwenye harusi moja bwana harusi alipoulizwa kama anamkubali bibi harusi, alijibu kwamba atasema akishajua mwenzake yuko upande gani, na wazee wakasema kijana ana busara.

Uongozi wa bendi ulipokanusha kutoka ughaibuni, ukasema hawana habari ya tamasha la pili, Waongezaji walifunga barabara kwa furaha. Hapo msomaji mgeni anaweza kushangaa, lakini Walioridhika wana malezi yao. Kwao serikali ikikanusha kwamba unga utapanda bei, mwenye akili anakimbilia dukani. Ikikanusha kwamba waziri fulani ni mgonjwa, mafundi wanaanza kuchonga jeneza. Mtoto wa nchi hiyo anajifunza hilo kabla hajajifunza kufunga kamba za viatu. Tangazo linaweza kuwa la kweli au la uongo, nani ajuaye, ila kanusho halijawahi kumwangusha mtu. "Wamekanusha," Mashavu aliwaambia wanachama wake huku machozi yakimlenga. "Nendeni mkafue nguo nzuri."

*

Waliokuja kumchukua Mashavu walikuwa askari wawili wa Wizara ya Furaha, wakitabasamu kwa mujibu wa sheria. Walimpeleka kwa Naibu Waziri, Mheshimiwa Daktari Balozi Mstaafu Kitunguli, mtu mwenye kitambi cha heshima na leso ya kufutia jasho ambayo siku hiyo haikupumzika.

"Mama," alisema Naibu Waziri, "kukisia ni nini? Ni kuitumia kesho bila kibali. Kesho ni ya nani? Ni ya taifa. Taifa likitaka kesho iwe na tamasha, litawaambia. Ninyi mnakaa vibarazani mnagawana matumaini kama karanga. Matumaini ni mali ya umma, na mali ya umma tunaitunza sisi."

"Samahani, Mheshimiwa."

"Samahani baadaye. Kwanza nieleze." Aliinama mbele na sauti ikashuka. "Mnajua nini kuhusu uwanja?"

Mashavu aliona leso inatetemeka, akadhani Mheshimiwa ana malaria. "Tunajua mmeuzungushia mabati, Mheshimiwa."

"Na mabati hayo mnasema ni ya nini?"

"Ya jukwaa. Na jukwaa la tamasha moja halihitaji mabati marefu namna ile. Yale ni ya matamasha matatu. Nimewaambia watu wangu wasiwe na wasiwasi."

Leso ilisimama. Naibu Waziri akamwomba Mashavu arudie. Mashavu akarudia. Mheshimiwa akawaita makatibu wake watatu waje wasikie, Mashavu akarudia tena, na katibu mmoja akatoka nje akicheka kwa adabu. Ikaletwa chai yenye maziwa na sahani ya maandazi, akasukumiwa kiti chenye mito.

Sasa msimulizi hana desturi ya kuwaficha wasomaji wake kitu. Uwanja wa Shukrani ulikuwa umeshauzwa kwa mkwe wa Kiongozi Mpendwa, kijana mchapakazi aliyetaka kujenga hoteli. Wizara ilikuwa imekosa usingizi ikitafuta namna ya kuwaambia wananchi kwa nini uwanja wao umefungwa, ndipo ikabuni tamasha. Radi Kavu hawakupigiwa hata simu. Na sasa mbele ya Naibu Waziri alikuwa amekaa mama wa cherehani aliyeyaona mabati ya kuficha wizi akayapigia makofi.

"Mama," alisema Kitunguli, na sasa alikuwa akitabasamu bila kulazimishwa na sheria, "tulikuwa tunakuonea. Endelea kukisia."

Walimvisha utepe wa rangi za taifa wenye maandishi *Mkisiaji Mkuu*, wakampa kipindi redioni kila mchana, "Dalili za Leo". Alirudishwa Kichangani kwa gari la wizara. Majirani waliokuwa wamebadilisha njia asubuhi ile walimletea vyakula kwenye mabakuli yao mazuri. Kilemba cha ukoka kilimkaa vizuri, na yeye akakinyoosha kikae vizuri zaidi.

*

Dalili zikawa nyingi. Malori yalianza kutoa udongo uwanjani, na Mashavu akaeleza redioni kwamba spika kubwa huchimbiwa chini ili zisiangushwe na sauti zake zenyewe. Paa la jukwaa la wageni lilipobomolewa, alisema ni kupisha fataki. Mlingoti wa taa ulipoangushwa, alisema bendi za roki huja na taa zao. Alikuwa na jibu la kila kitu, na watu walikunywa chai yao ya mchana wakiwa wameshiba.

Upete peke yake hakupiga makofi.

"Mke wangu," alimwambia wakati Mashavu akimenya ndizi jikoni, "wameng'oa magoli."

"Roki ina uhusiano gani na magoli?"

"Nimeyaona kwa muuza chuma chakavu. Yamekatwa vipande."

"Watanunua mapya. Wewe unayalilia magoli kwa vile uliyafungwa sana."

Upete alicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka akitaniwa. Lakini siku iliyofuata alikwenda kwenye mabati, akatafuta tundu la msumari, akaweka jicho. Alirudi nyumbani moja kwa moja. Alikaa kwenye kiti cha cherehani bila kuondoa kitambaa kilichokuwa juu yake.

"Kuna shimo," alisema.

"La spika."

"Mashavu, niangalie mimi. Uwanja mzima ni shimo. Pale nilipokuwa nasimama mimi, kuna maji na chura. Na nondo zimesimama. Ule ni msingi wa jengo. Hakuna shoo pale, mke wangu. Hakuna shoo ya kwanza wala ya pili."

Mashavu alikasirika, na hasira yenyewe ilitoka kwenye woga. Alikuwa na utepe, alikuwa na kipindi, na kuliko vyote alikuwa na wimbo wake ambao bado haujaisha. Mtu huyu, tena mtu mwenyewe aliyekimbia naye, alikuwa anataka kumnyang'anya. Akamwambia hakuona vizuri. Akamwambia jicho moja haliwezi kuona uwanja mzima. Jikoni ndizi za siku hiyo ziliungua.

Mkutano wa chama ulifanyika Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa shule. Upete alisimama mbele ya wanachama wote, akaeleza alichokiona, polepole, bila kutia chumvi. Kelele zikavuma. "Moja-Inatosha huyo," walipiga kelele. "Kanunuliwa." Kisha wakanyamaza kumsubiri mwenyekiti.

Hapo Mashavu angeweza kusema kwamba mwanamume huyu hajui uongo, kwamba hata mabao yaliyopita katikati ya miguu yake alikuwa akiyakiri mwenyewe kabla refa hajapuliza. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini watu walikuwa wanamtazama, na utepe ulikuwa kifuani.

"Nyumbani huyu ni mume wangu," alisema. "Hapa ni mwanachama, na mwanachama wa chama chetu hachungulii."

Walipiga makofi wakasimama. Wanaume wawili waliokuwa wameketi safu ya nyuma nao wakasimama, wakitabasamu. Sheria ya Mabati ilikuwa imepitishwa wiki hiyo hiyo, inayokataza raia kuchungulia maendeleo kabla hayajakamilika. Walimshika Upete mkono huu na mkono huu. Mlangoni alimgeukia mkewe, akamtazama vile alivyokuwa akiutazama mpira ulioshampita, bila lawama, anahesabu tu umbali.

*

Mashavu alikimbilia wizarani na viatu visivyofanana. Naibu Waziri alimpokea kwa upole wa kutisha.

"Usilie, mama. Kiongozi Mpendwa ni baba mwenye huruma. Ameamua kwamba wachunguliaji wote watasamehewa siku ya tamasha la nyongeza. La kwanza lina wageni, halifai kwa mambo ya magereza. Lakini likiongezwa la pili, siku hiyo hiyo mumeo anatoka."

"Litaongezwa, Mheshimiwa?"

"Unaniuliza mimi?" Kitunguli alifungua mikono. "Mkisiaji Mkuu ni wewe."

Tangu siku hiyo Mashavu alikisia kama mtu anayechimba kisima kwa kucha. Matamasha matatu yakawa manne, manne yakawa matano. Alisoma mawingu, alisoma namba za magari ya mizigo, alisoma nukta kwenye matangazo ya wizara. Watu walisema dada Mashavu ameiva kweli kweli sasa. Nyumbani alikuwa akipika chakula cha watu wawili halafu anakikalia akikitazama.

Mkwe wa Kiongozi Mpendwa alilalamika kwamba kontrakta anasuasua na majukwaa ya watazamaji bado yamejaa viti. Wizara ikatangaza Siku ya Kujitolea: mashabiki wakaribishwe wang'oe viti wenyewe, ili wakati wa matamasha watu wengi zaidi wapate nafasi ya kusimama. Kila mmoja aruhusiwe kwenda na kiti kimoja nyumbani kwa kumbukumbu. Walikuja na spana, nyundo na misumeno. Kina mama walikuja na masufuria ya pilau. Walikuja wakiimba.

Mashavu aliongoza msafara, utepe kifuani, na lango la mabati likafunguliwa. Akaona.

Palikuwa na shimo. Palikuwa na maji ya kijani na nondo zenye kutu, na upande wa lango, kwenye nguzo mbili, kibao kikubwa chenye picha ya hoteli ya vioo, bwawa la kuogelea, na mkwe wa Kiongozi amevaa suti, anacheka na meno yake yote. Akilini Mashavu alimwona Upete amekaa kwenye kiti cha cherehani, juu ya kitambaa, anamwambia niangalie mimi.

Wala si yeye peke yake aliyeona. Kila mtu aliona, hakuna kipofu aliyekuja siku hiyo. Nyimbo zilikatika. Mwanamume mmoja mwenye nyundo alisoma kibao kwa sauti.

"Hoteli," alisema.

Walitazamana. Kwa muda mfupi, mfupi sana, nchi ile ilikuwa karibu kuelewa kitu.

"Kwani bendi italala wapi?" akauliza mwingine.

Pumzi ikatoka vifuani mwa watu wote. Waliguna, walicheka, walipigana vibao vya mgongo. Kweli, bendi italala wapi? "Vyumba mia nne," alisoma yule wa nyundo, na sasa sauti yake ilikuwa inapanda. "Bendi ya watu watano, vyumba mia nne. Hawa jamaa wanakaa mwaka mzima." Wakashambulia viti kwa shangwe. Kazi iliyomshinda kontrakta mwezi mzima waliimaliza kabla ya pilau kupoa, wakaenda majumbani mwao kila mtu na kiti chake cha plastiki kichwani, vile viti ambavyo babu zao walivilipia kwa kuku.

*

Siku iliyofuata mwimbaji wa Radi Kavu alisema kwenye redio ya ughaibuni kwamba hawajaalikwa, hawaji, na kwamba wamesikia uwanja umevunjwa na wanausikitikia kama msiba. Nchi nzima ikalipuka kwa furaha. Matano yakawa sita bila Mashavu kufungua mdomo.

Yeye alikuwa amekaa kibarazani, anafikiri. Alijua sasa kwamba hakuna tamasha, na kama hakuna tamasha hakuna msamaha, na Upete angekaa ndani mpaka mikono yake mikubwa ikauke. Njia moja ilibaki, nayo ilikuwa watu wenyewe. Wakijua, watakwenda wizarani. Watu wengi namna ile wakienda wizarani, mlango lazima ufunguke. Alipiga moyo konde, akavaa gauni lake jeusi, akaenda redioni bila utepe.

"Ndugu zangu," alisema, "hakuna tamasha. Si la pili, si la kwanza. Uwanja wetu umeuzwa. Mle ndani kuna shimo na mmeliona kwa macho yenu, na viti tumeving'oa kwa mikono yetu. Mume wangu Upete aliwaambia kweli mkamzomea, na mimi nikamtoa mikononi mwangu nikawapa. Msinisamehe. Lakini nendeni mkawaulize waliouuza, na mkienda, ulizeni na yeye yuko wapi."

Alizima kipaza sauti mwenyewe. Fundi mitambo nyuma ya kioo alikuwa analia. Mashavu aliyaona machozi yake, akajua ameeleweka.

Alishuka ngazi akitarajia askari, au kimya, au watu wenye mawe. Nje barabara ilikuwa imefurika. Honi zinalia, masufuria yanagongwa, wanaume wazima wamebebana mabegani.

"Amekanusha," walikuwa wakiambizana. "Mwenyekiti mwenyewe amekanusha."

"Na bila utepe. Wamemlazimisha, mnaona?"

"Mpaka kalia. Kanusho la kulia sijawahi kulisikia. Hapa si chini ya saba."

Mashavu alipanda juu ya tangi la maji. Alisema nimeona shimo, wakashangilia. Alisema hakuna tamasha, wakashangilia zaidi. Alisema hakuna, hakuna, hakuna, na kila alipolisema walilipokea kama kiitikio, mpaka sauti yake, ile ya kuita mtaa wa tatu, ikakatika na ukabaki mdomo unaofunguka na kufungika. Walimshusha kwa heshima wakampa maji.

Gari la wizara lilisimama ukingoni mwa umati. Kioo kikashuka, na leso ya Kitunguli ikaonekana, kavu kabisa.

"Nilikuwa nimeshatuma watu wakukamate," alisema Naibu Waziri kwa sauti ya siri, kama mtu anayemweleza mwenzake kisa cha kuchekesha. "Halafu nikasikiliza barabarani, nikawapigia warudi. Mama, wizara ina idara nzima ya kukanusha, ina wakurugenzi na magari, na hawajawahi kufanya kazi kama uliyoifanya wewe leo."

"Mume wangu," alisema Mashavu kwa sauti iliyobaki.

"Siku ya tamasha la nyongeza," alisema Kitunguli. "Tulishaahidiana." Kioo kikapanda.

*

Alasiri watu walianza kupanga foleni kando ya mabati. Walikuja na mikeka, chupa za chai na vile viti vyao vya plastiki. Mashavu alitembea kando yao taratibu, na kila aliyempita alimsalimu.

Bi. Kijakazi, mama mtu mzima aliyekuwa akimpa sare za wajukuu zake kushona, alimshika mkono. "Hongera, mwanangu," alisema. "Nimemwombea sana Upete. Mfulie mashati yake, usije ukamvalisha shati la gerezani siku hiyo."

Mashavu alitaka kumweleza. Kinywa kilikuwa tayari. Alijua alichokiona: alijua maji, alijua nondo, alijua meno ya yule mtu kwenye kibao. Lakini kusema hakuna tamasha, hata kwa mtu mmoja, hata kwa kunong'ona, sasa ilikuwa ni kusema kwamba Upete harudi, na hilo halikutoka. Alitazama foleni. Ilikuwa imezunguka mabati na kupotea kwenye kona. Watu wote hao, alijisemea, kweli wote wawe wamekosea? Na vyumba mia nne ni vingi. Hata kwa hoteli ni vingi.

"Wa mwisho ni nani?" aliuliza.

Bi. Kijakazi alimwonyesha mwanamume mwenye mwavuli, mbali kidogo. Mashavu alikwenda akasimama nyuma yake. Mwanamume hakumtambua, au pengine jua lilikuwa linampiga machoni.

"Nasikia ni saba," alisema, ili kuanzisha mazungumzo.

Mashavu aliyatazama mabati, akayahesabu mpaka kwenye kona.

"Nane," alisema.